Karne (kitabu ya hospitali) ya mama ilibaki ku nyumba

Habari inasema wizara ya afya ya Congo inataka fishi (karatasi ya matibabu) ya kila mugonjwa ingie mu kompyuta, mimi naunga mukono kabisa. Mwezi wa 5 mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tulikimbia na mama mupaka Sake, karne yake ya ugonjwa wa sukari ikabaki ku nyumba huku Goma, kule munganga akaanza zero, vipimo vyote tena, feza tena tukalipa. Ila musichanganye, DHIS2, programu ya kompyuta ya hesabu za afya yenye tayari iko mu zoni za afya, inahesabu tu jumla, malaria ngapi, watoto wangapi wamezaliwa, haimujue mama yangu. Fishi ya mugonjwa mwenyewe mu kompyuta inaomba namba moja ya kila mutu, tena kuranti (umeme)! Muweke kwanza umeme wa jua ku sentre za afya, na siri ilindwe, mutu wa VVU akijulikana mu mutaa anateseka sana.