Miji huiga kinachoonekana

Meya akienda ziara ya mafunzo kwa wenzake, huonyeshwa basi jipya, daraja, bustani. Hakuna anayemkalisha kwa muda wa saa tatu na mhasibu.

Chukua Medellín, Kolombia. Mwaka 2004 ilizindua usafiri wa nyaya, vibanda vinavyopanda kutoka kituo cha treni hadi mitaa ya maskini mlimani. Ukawa gumzo duniani. Mwaka 2011 Rio de Janeiro nayo ikafungua wa kwake juu ya Complexo do Alemão, mitaa ya maskini ya mji huo: kilomita 3.5, vituo 6. Mwaka 2016, jimbo likiwa limeshatangaza janga la kifedha, vibanda vikasimama. Na muda wote vilipokuwa vikipita hewani, chini yake wakazi walikuwa wakilalamikia majitaka, wakisema ndiyo yangeshughulikiwa kwanza.

Rio ilichukua nyaya. Lakini kule Medellín nyaya ni tawi la kampuni ileile ya treni, na shirika la umeme na maji la EPM, ambalo ni mali ya mji, hulipa manispaa sehemu ya faida yake kila mwaka. Fedha hizo zilisaidia kujenga shule na maktaba katika mitaa hiyohiyo. Gawio halipigwi picha, ndiyo maana halikuigwa.

Je, tuseme basi kila mji ujitafutie dawa yake? Wanaosema hivyo wana hoja, ila naogopa imegeuka kichaka cha viongozi wasiotaka kuthubutu. “Sisi mazingira yetu ni tofauti” ni sentensi inayoweza kuua jambo lolote.

Tazama tozo ya foleni, yaani ada anayolipa mwenye gari kuingia katikati ya mji ili msongamano upungue. Singapore iliianza mwaka 1975 kwa vibali vya karatasi vilivyobandikwa kwenye kioo cha gari, walinzi wakivikagua kwa macho. London ikafuata mwaka 2003. Zamu ya Stockholm, Uswidi, ilipofika, haikuchukua karatasi wala walinzi. Ilifunga kamera za kusoma namba za magari. La maana zaidi, ilianza kwa jaribio la miezi 7 mwaka 2006. Kabla yake wengi walikuwa wakipinga. Magari yalipopungua kwa takriban asilimia 20, wakazi wa mji huo wakapiga kura ya maoni na kuikubali, na mwaka 2007 tozo ikarudi kwa kudumu. Waliiga wazo, kisha wakawapa watu nafasi ya kulionja, na hata kulitema wakitaka.

Ningekuwa mimi nasaini vibali vya safari, msafara ungeanzia Delhi, India, kabla ya Bogotá, mji unaosifiwa kwa mabasi yake ya njia maalumu. Delhi ilifungua njia maalumu ya mabasi mwaka 2008, kilomita 5.8, na kuanza kuibomoa mwaka 2016 baada ya miaka ya malalamiko ya wenye magari waliokwama kwenye makutano. Wajumbe wasimame pale, waulize taa zilipangwaje na ni nani alikuwa na mamlaka ya kuzibadilisha.