Tarehe ya harusi: ya kadi, ya simu au ya mguu?

Mtwara na Lindi kuna mvutano wa chini kwa chini kati ya wanaooa na wazee wao. Vijana wengi, hasa waliokaa Dar es Salaam, wanataka tarehe ijulikane miezi sita kabla, kwa picha yenye majina ya maharusi inayorushwa WhatsApp. Wazee wanaona ni pupa: mahari haijamalizwa, shangazi wa Mikindani hajaambiwa, na tayari habari iko Mbagala.

Vijana wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza, na hoja yenyewe ni kalenda. Harusi za huku zinafuata korosho. Minada huanza Oktoba, fedha hupitia vyama vya msingi vya ushirika, na zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, kila wikiendi maturubai yanafungwa. Wakati huohuo mvua za Kusini zinaanza, na Desemba shule zikifungwa jando na unyago navyo vinataka watu walewale, vyombo vilevile na wapishi walewale. Halafu kuna Ramadhani, inayorudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa wiki ya pili ya Februari, 2028 mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili: mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba. Nafasi kati ya malipo ya korosho na mfungo inazidi kubanwa. Anayechelewa kutaja tarehe atakuta turubai limeshakodiwa, mpambaji ana kazi Masasi, na baba mdogo amealikwa kwingine siku hiyohiyo.

Kuna na suala la barabara. Kutoka Dar hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 500, na anayekuja anahitaji ruhusa kazini na nauli. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, abiria walikwama njiani. Mgeni wa mbali akiambiwa wiki mbili kabla, ni kama hakualikwa.

Hata hivyo, wazee hawapingi kwa ukaidi tu. (Suala la husuda naliacha, anayetaka kuhusudu hahitaji tarehe.) Kwetu tarehe ikitajwa, kila mtu anasubiri kadi ya mchango. Picha ya Juni inamkuta mkulima shambani anapulizia mikorosho, mfukoni hana kitu, na katika kundi la simu anatakiwa aandike ahadi mbele ya ukoo mzima. Wengine huandika kiasi wasichokiweza kwa kuona aibu; wengine huondoka kwenye kundi na undugu unaingia doa. Isitoshe, mazungumzo ya mahari yakikwama, tarehe iliyokwisha kutangazwa inageuka fimbo ya kuwachapia wazazi wa binti. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21 tu, na kanisani matangazo ni ya Jumapili tatu. Miezi sita haidaiwi na sheria wala na kanisa.

Mimi naona ugomvi mwingi hauletwi na tarehe, unaletwa na fedha ambayo tarehe inakuja imeibeba mgongoni. Vitenganishwe. Mahari ikishakubaliwa, mshenga au mama wakubwa wapite kwa mguu nyumba za wazee wa pande zote mbili, Ijumaa baada ya swala au Jumapili baada ya misa, waseme siku na waombe dua tu. Picha irushwe jioni hiyohiyo, si kabla na si wiki moja baadaye, kwa sababu mjukuu wa kila bibi ana simu na siri haivuki magharibi. Iwe na tarehe na mji, isiwe na namba ya kutuma pesa. Kadi za mchango zisubiri malipo ya minada ya mwanzo. Kwa jamaa wa Dar wenye mshahara, zinaweza kutangulia. Hao hawasubiri mnada.

Kamati haitaupenda utaratibu huu. Itasema bila ahadi za mapema hakuna malipo ya awali ya ukumbi. Malipo hayo ya awali ayatoe anayeoa.