Mikataba mahiri: nani anagusa kiwango cha mkopo?

Kati ya vijana wanaoandika mikataba mahiri (programu zinazoshika na kulipa fedha zenyewe kwenye blockchain) hapa Dar kuna ubishi usioisha: ukishapitisha msimbo wako kwenye Slither, chombo cha bure cha kampuni ya Trail of Bits kinachosaka makosa kwenye msimbo, kuna haja gani tena ya kumlipa mkaguzi?

Tuseme kikoba cha Mbagala kimehamishia hesabu zake kwenye Ethereum, mtandao wa blockchain unaoendesha mikataba hiyo. Fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi moja) ya "kopa" inazidisha akiba ya mwanachama kwa kigeu, yaani namba inayoweza kubadilishwa, kiitwacho "kiwango", na jibu ndilo mkopo. Ukiisoma peke yake huoni pa mtu kupenyea. Shuka chini kidogo: kuna "wekaKiwango", imeachwa wazi kwa yeyote, inapokea namba na kuiandika kwenye kiwango. Kigeu hicho kinakaa kwenye hifadhi ya mkataba, kwa hiyo kinachoandikwa na muamala wa leo kitasomwa na wa kesho. Mkopo, kumbe, unategemea namba ya mpita njia. Slither hufuatilia utegemezi huo ndani ya fanksheni moja, kisha katika mkataba mzima, ikirudia mpaka pasizuke kiungo kipya. Vigeu vikiwa thelathini, binadamu aliyechoka hafiki huko.

Lakini weka sharti kwamba mwenyekiti pekee ndiye abadilishe kiwango. Utegemezi unabaki vilevile, maana namba bado inatoka nje. Sharti halikati mnyororo. Anayesoma kila kiungo kama kosa atachoka, aanze kupuuza hata vya kweli. Kibaya zaidi ni kinyume chake: "mwanachama akiandika zaidi ya 10, ukomo uwe 5, la sivyo, 1." Mwanachama ndiye kaamua ukomo, ila namba yake haikuingia humo, na ufuatiliaji wa data peke yake unapita kimya.

Tena ufuatiliaji huo haujali mpangilio wa hatua. The DAO, mfuko wa uwekezaji uliokuwa kwenye Ethereum, Juni 2016 ilichotwa takriban ETH (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6 kwa sababu malipo yalitoka kabla salio halijapunguzwa, hivyo salio lilelile likaombwa tena na tena. (Kwa hilo Slither ina kigunduzi kingine.)

Naegemea chombo, ila kiulizwe swali finyu: vigeu vinavyotoa fedha vinaguswa na nani? Mteja asipokee ripoti ya kurasa nyingi akaridhika. Adai orodha ya vigeu hivyo, na kando ya kila kimoja mkaguzi aandike ni sharti gani linalokilinda na liko mstari wa ngapi.