Tumbili wa Frida ndo anayeniumiza

Ile picha ya Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, ya 1940, aliyojichora mwenyewe kavaa mkufu wa miiba, kila nikikuta watu wanaijadili naishia kununa. Wanaisoma kama kamusi. Paka mweusi ni nuksi, ndege aliyekufa ni mapenzi yaliyokufa, miiba ni ya Yesu, basi kazi imeisha.

Sikatai. Kwao Mexico ndege mvumaji (hummingbird, ndo huyo aliyekufa pichani) aliyekaushwa hutumika kama dawa ya mapenzi, na Frida alikuwa ametoka kupeana talaka na mumewe Diego Rivera 1939, kwa hiyo hirizi ya mapenzi kwenye shingo ya mwanamke aliyeachika inajieleza yenyewe. Ila mi nikimwangalia yule ndege nawaza kitu kingine kabisa, huyu ni kiumbe ambaye maisha yake yote ni kupiga mabawa hata kuyahesabu huwezi, halafu hapa ananing'inia tu, mweusi, mabawa kayatandaza vilevile kama nyusi za Frida zilivyoungana hapo juu. Angalia vizuri, ni umbo lilelile.

Paka mnamsingizia bure, yeye yuko begani bado anavizia tu. Mwenye shughuli ni tumbili wa bega la pili. Kainamisha kichwa, kaishika ile miiba kwa vidole, yuko bize nayo kama mtoto aliyeokota uzi, na shingoni matone ya damu yanashuka. Hana ubaya wowote jamani! Na tumbili wa kufuga inasemekana Rivera ndo alikuwa anamzawadia. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, ila huyu mlaji hata hajui kama anakula.

Halafu uso sasa. Kwenye picha yake ya 1944, ile ya uti wa mgongo uliovunjika, machozi yamejaa mashavuni, na mimi ile hainishiki hata nusu ya hii ambayo macho ni makavu, mdomo kaufunga, kichwani vipepeo kama anaenda harusini. Mtu aliyeshazoea maumivu mpaka hashtuki. Unabaki unajiuliza mbona hamsukumi huyo tumbili, ndo unashuka chini ya picha unakuta mikono haipo, kajichorea kifuani kakomea hapo.

Desemba ya huohuo mwaka 1940 akaolewa tena na Rivera.