Neno Moja la Kimalta

Jumamosi iliyopita, tarehe 17 Mei 2025, nilikesha na mtoto wa kaka yangu hapa Nyalenda, Kisumu, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, tukitazama fainali ya Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, kutoka Basel, Uswisi. Saa nne za usiku zilikuwa zimepita. Akapanda Miriana Conte wa Malta. Akafika kwenye kiitikio, akanyamaza pale lilipopaswa kuwa neno, na ukumbi ukalijaza lile pengo kwa kelele.

“Waya,” yaani shangazi, “mbona watu ndio wanamwimbia?”

Nikamweleza. Nilipomaliza nilikuwa na hasira, na leo ni siku ya tano bado ninayo.

Wimbo huo ulipochaguliwa kuiwakilisha Malta uliitwa Kant. Kwa Kimalta, kant ni uimbaji. Mwezi Machi Muungano wa Utangazaji wa Ulaya, wenye mashindano hayo, ukaamua neno hilo litoke, kwa kuwa likitamkwa linafanana na tusi la Kiingereza. Iliripotiwa kwamba malalamiko yalitoka kwa watangazaji wa Uingereza. Wimbo ukapewa jina la Serving, neno likaondolewa kwenye kiitikio, na Malta ikamaliza ya 17.

Najua nitakavyojibiwa. Waliotunga walijua fika neno lile litasikika vipi London, na mchezo huo wa maneno ulikuwamo tangu mwanzo. Nakubali, kwa shingo upande. Lakini angalieni kilichokatwa. Karibu wimbo wote ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza chote kilibaki. Kilichotolewa ni Kimalta.

Na Malta hawakuanza na Kiingereza. Mwaka 1971 walipoingia mara ya kwanza waliimba kwa lugha yao, wakashika mkia. Mwaka 1972 wakarudi na lugha yao, wakashika mkia tena. Mwaka 1975 wakaja na Kiingereza, kisha wakakaa nje hadi 1991. Tangu warudi ni Kiingereza mwaka hadi mwaka, isipokuwa mistari michache ya Kimalta mwaka 2000. Wamewahi kuwa wa pili mara mbili, 2002 na 2005. Kushinda, bado. Watu waliopitia hayo wakipata ujasiri wa kuweka neno moja la nyumbani kwenye kiitikio, neno hilo lina uzito.

Ni watu wachache. Sensa yao ya 2021 ilihesabu 519,562. Kaunti ya Kisumu peke yake ilikuwa na 1,155,574 mwaka 2019. Na lugha yao si ya mbali na hii ninayoiandika. Sita, saba na tisa kwao ni sitta, sebgħa, disgħa. Kitabu ni ktieb. Mzizi wa maneno hayo ni Kiarabu, na hilo kant lenyewe walilichukua kwa Waitalia wakalifanya lao, kama sisi tulivyoichukua meza kwa Wareno. Nilipomwonyesha yule mtoto tarakimu hizo alizisoma kwa sauti mara tatu, akacheka kwa furaha.

Hasira yangu ina historia. Mwaka 2011 kwaya yetu ilialikwa Mombasa. Tulikuwa na wimbo wa Kijaluo, wimbo wa mazishi, na kiitikio chake kinazungumzia mahali ninapokwenda. Neno la Kijaluo la kusema “mahali ambapo”, Mjaluo yeyote anayesoma hapa analijua, na msomaji wa Pwani analijua kwa maana nyingine kabisa, ndiyo maana siliandiki. Tulipofanya mazoezi, akina mama wa pale wakafunika nyuso kwa leso. Siwalaumu, kwao ni tusi zito. Ila mwenyeji wetu hakuuliza maana. Alitwambia tu tutafute neno lingine au tuuache wimbo.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa Seme, mtu mzima, aliyeuimba wimbo ule alipomzika mama yake. Akauliza kwa upole, “Nitaweka neno gani?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Jioni ile kila tulipofika pale tulifunga midomo tukavumisha sauti puani. Nilisimama nyuma yake. Nilimwona akiishika ncha ya leso yake kwa vidole viwili, akiikunja na kuikunjua, kila tulipolipita lile pengo. Watu walitupigia makofi mengi. Kwenye basi la kurudi hakuimba.

Ingetosha mtu mmoja asimame aseme: ndugu zetu, kwa Kijaluo neno hili ni hivi. Nusu dakika. Hao wa Ulaya nao huonyesha filamu fupi kabla ya kila wimbo, nafasi ya kueleza ilikuwapo. Sijasikia hata siku moja mwimbaji wa Kiingereza akiambiwa abadilishe neno kwa sababu mahali fulani linachafua masikio. Anayeambiwa ajirekebishe ni mdogo siku zote, na masikio yanayopimia ni ya mkubwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Na msiniambie lugha ndogo haisafiri. Ayub Ogada, aliyefariki hapa Nyahera mwaka 2019, aliimba Kothbiro kwa Kijaluo akipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, na sauti yake ikasikika kwenye filamu iliyozunguka dunia mwaka 2005. Salvador Sobral wa Ureno alisimama Kyiv mwaka 2017 akaimba Kireno kitupu, bila mbwembwe, akashinda kwa pointi 758. Wangapi kati ya waliompigia kura walijua Kireno?

Kwaya yetu inarudi Pwani Agosti. Wimbo ule nimeurudisha, neno lake likiwa mahali pake. Nimeongea na wenyeji wa safari hii kwa simu, nikawaeleza maana, wakasema tuje nao. Yule mama wa Seme hatasafiri, miguu imekataa, lakini nilimpigia kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaimba kiitikio chote kwenye simu, na neno lile akalivuta.

Mtoto wa kaka yangu ndiye atakayesimama mbele kueleza kabla hatujaanza. Amekwisha kuandika sentensi zake mbili nyuma ya daftari la hesabu.