Garanti ya miezi sita: nani alikuruhusu?

Tangazo la nyumba ndogo ya uani limepita tena kwenye grupu la WhatsApp la kartye yetu, hapa Lubumbashi, Kongo: «Anekse, chumba na saloni, Kampemba, dola 60, garanti miezi 6. Maselibateri wasijisumbue.» Chini yake, watu wazima wenye watoto wakubwa nyumbani wanapiga makofi. Eti vijana wasio na ndoa wanaleta fujo.

Haya, tupige hesabu. Garanti, yaani pesa unayomwachia mwenye nyumba kama amana kabla ya kuingia, ni miezi 6: dola 360. Komisioneri, dalali wa nyumba, naye anataka mwezi wake mmoja, kazi yake ikiwa kukutembeza na kukuonyesha mlango. Tumefika 420, na bado hujanunua godoro. Kijana anayepata dola 120 kwa mwezi, na huyo ni mwenye bahati, pango la 60 atalipa akijinyima. Hizo 420 atazitoa wapi?

Wakubwa wetu wao wanatuahidi nyumba za bei nafuu. Mawe ya msingi tuliyonayo Lubumbashi yanatosha kujenga mji wa pili. Wajenge tu, sikatai. Ila kinachowafungia vijana mlango leo ni garanti.

Kuna petit mmoja ninayemfahamu, fundi hasa kwenye garaji upande wa barabara ya Kasenga. Mkono wake ni mzuri, hata mabosi wenye jeep wanamtafuta. Analala ndani ya basi dogo ambalo injini yake ilishatolewa. Mashati ya kanisani ameyatundika kwenye usukani ili yasishike oili, viatu viko kwenye dashibodi. Patroni wake anajisifu kwamba anamsaidia. Ni kweli, na yeye amepata sentineli, mlinzi wa usiku, wa bure.

Huyo hakuna anayemhesabu. Kwetu asiye na nyumba ni shege tu, mtoto wa mtaani, na dawa ya shege kila mtu anayo: wapakiwe kwenye lori wapelekwe kambi ya Kaniama-Kasese, kama wale vijana wa magenge wa Kinshasa. Na anayelala saloni kwa yaya wake, yaani dada au kaka yake mkubwa, akisubiri wageni waondoke ndipo atandike? Na wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa wanaobanana kitanda kimoja? Na dada anayevumilia mwanaume anayempiga kwa sababu jina kwenye kontra, mkataba wa kupanga, ni la huyo mwanaume?

Sasa sikilizeni. Sheria ipo. Ni ya tarehe 31 Desemba 2015, namba 15/025, na kwa nyumba ya kuishi inasema garanti isizidi miezi 3. Mitatu! Mimi hata hiyo naiona mingi, lakini tuanze hapo.

Najua mabayeri, wenye nyumba, watakavyonijibu. Mpangaji anaacha kulipa, unamshitaki, kesi inazeeka, naye anaendelea kuoga kwa maji yako. Sawa, yanatokea, na mama mjane anayeishi kwa vyumba viwili vya uani siwezi kumwita mwizi. Lakini tusidanganyane: garanti haiwekwi popote kusubiri siku ya kuharibika. Inanunua tofali na mabati ya anekse inayofuata, au inalipa minervali, karo ya shule, ya watoto. Ndiyo maana ukihama unaambiwa «ngoja mpangaji mpya aingie». Pesa yako itatoka mfukoni mwake, na yake itatoka kwa wa tatu. Benki haimkopeshi bayeri, basi anakopeshwa na mtoto wa dola 120, bila riba, bila karatasi, na mtoto huyo ndiye anayeambiwa asijisumbue!

Dawa haihitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Muulizeni mzee yeyote wa komini ya Katuba. Miaka ya 1950 watu walipewa vifaa kwa mkopo, wakajijengea wenyewe huku wakilipa polepole. Siwasifu Wabelgiji waliotutawala, walitaka wafanyakazi wawe karibu na chini ya macho yao. Lakini nyumba hizo zimesimama, watu wamezaa na kuzeekea humo. Jimbo linalotoa shaba na kobalti kiasi hiki lishindwe kumkopesha mwenye parseli simenti na mabati, kwa sharti kwamba garanti yake haitapita miezi 3? Kampuni za migodi nazo zinajaza wageni wao kwenye nyumba za mjini, bei inapanda, sisi tunasukumwa mpaka komini ya Annexe, pembezoni mwa mji. Hilo nitaliandikia siku yake.

Kinachonichoma zaidi ni muhuri. Kontra ya kupanga inapelekwa habita, ofisi ya serikali ya makazi, ofisa anaisoma, anaona «garanti: miezi 6» imeandikwa kwa bic, waziwazi, halafu anagonga. Serikali ileile iliyotoa sheria! Kodi ya mapato ya pango hawajawahi kuisahau. Basi tuanzie hapo, kwenye meza hiyo: kontra yenye zaidi ya miezi 3 irudishwe bila muhuri, na ofisa atakayegonga jina lake libandikwe mlangoni kwa bourgmestre, mkuu wa komini.