Satelaiti haipimi uzito wa mti, tusiwatoe watu wa tepu

Siku hizi kila panapozungumzwa biashara ya kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wake, lazima atokee mtu aseme kupeleka timu porini na tepu kupima miti ni kupoteza hela, satelaiti zipo, zinaona kila kitu. Namuelewa kabisa. Tanzania bara ina misitu kama hekta milioni 48 kwa hesabu ya NAFORMA, tathmini ya misitu ya taifa, na tathmini ile ilikula miaka na ilihitaji ploti (vipande vidogo vya msitu ambamo miti inapimwa) karibu 30,000, huwezi kuirudia kila mwaka. Satelaiti inapita kila baada ya siku kadhaa, data za Sentinel, satelaiti za Ulaya, ni bure, na haihongeki, msitu ukifyekwa usiku na mwenye nguvu zake pengo litaonekana tu. Kwa swali la msitu umefyekwa wapi na lini, mimi sina ubishi.

Ila swali la msitu uliobaki una tani ngapi ni lingine kabisa na hapo ndo watu wanachanganya mambo. Picha ya kawaida inaona ukijani, rada inapokea mwangwi kutoka kwenye matawi na mashina, leza ya GEDI, chombo cha NASA kilichoko angani, inapata urefu, afu hiyo namba inapitishwa kwenye mlinganyo ndo unapata bayomasi, yaani uzito wa miti ikiwa mikavu. Sasa mlinganyo umetoka wapi? Umetoka kwa watu walioingia msituni wakapima kipenyo mita 1.3 toka ardhini, wakaangusha mti, wakaukatakata na kuuweka kwenye mzani vipande vipande, mingine wakachimba mpaka mizizi, kama walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro kwenye miombo, misitu yetu ya nyanda kavu.

Na miombo yetu ndo inasumbua zaidi. Mpingo mkavu unafika kilo 1,200 hivi kwa mita moja ya ujazo, ukiutupa majini unazama, mninga ni kilo 600 na kitu, yaani miti miwili ya kimo kimoja na unene mmoja, mmoja una karibu mara mbili ya kaboni ya mwenzake na leza ikipiga duara lake la mita 25 haijui ipi ni ipi. Bado kiangazi majani yanapukutika, na mvua za kwanza zikilowesha udongo rada inabadilika wakati mti haujaongezeka hata kilo.

Hili limeshatokea Amazon. Ramani mbili maarufu za kaboni ya misitu zilizotokana na satelaiti, ya mtafiti Saatchi ya 2011 na ya mwenzake Baccini ya 2012, zililinganishwa na ploti za ardhini, kazi ya mtafiti Mitchard na wenzake mwaka 2014, ikaonekana kule kaskazini mashariki kwenye mbao nzito ploti zinaonyesha kaboni nyingi na ramani hazioni. Upande wa ramani walijibu kwamba ploti zenyewe ni chache na hazijapangwa kuwakilisha msitu mzima, na ni kweli, ploti ya NAFORMA ina nusu kipenyo cha mita 15 tu.

Lakini fikiria kijiji chenye hekta 10,000. Tuseme bayomasi ni tani 60 kwa hekta, zidisha 0.47 upate kaboni, zidisha 3.67 upate hewa ukaa, ni kama tani 103. Ramani ikikosea asilimia 20 tu umekosa tani 20 kila hekta, kwa msitu mzima tani laki 2. Kosa likienda chini kijiji kimelala njaa kwa msitu waliokesha wanaulinda, likienda juu mnunuzi kauziwa hewa na jina linaloharibika ni la kijiji, wakati aliyetengeneza ramani hajawahi kufika hapo.

Wengine wanasema subirini Biomass, satelaiti ya ESA, shirika la anga la Ulaya, iliyorushwa Aprili 2025, mawimbi yake ya sentimita 70 yanapenya majani mpaka kwenye shina. Ni hatua kubwa na naifurahia sana. Ila ramani zake za bayomasi ni za vipande vya mita 200 kwa 200, yaani hekta 4, na usahihi wake unahakikiwa kwa hizo hizo ploti za chini. Kwa hiyo mradi wa kaboni ukija kijijini na ramani peke yake, kabla ya kusaini ulizeni ploti zipo ngapi, zitarudiwa kupimwa lini, na vijana wa kamati ya maliasili watakaoshika tepu wanalipwa na nani.